Kaye zetu zinahamia kwenye wingu, lakini ufunguo uko kwa nani?

Ninyi mliotoka Masisi na Walikale ambao leo mnalala kwa jamaa, kwenye shule, kanisani, au kwenye chumba cha kupanga ambacho pesa yake inawatoa jasho kila mwisho wa mwezi: leo sina habari ya mapigano. Nataka tuongee juu ya kaye.

Nasema kaye ya madeni ya mama mwenye duka, kaye ya maziwa ya mtu wa fromage, kaye ya AVEC, kaye ya mnunuzi wa kahawa au wa makala, ile yenye jalada lililochakaa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila ninapopita kutafuta habari, watu wananiletea swali moja kana kwamba mimi ni fundi wa simu: "Muandishi, tuweke hesabu zetu kwenye simu? Tuzipandishe kwenye hiyo wingu? Zitakuwa salama?" Nimewauliza wanaojua kazi hiyo, nimetazama namna vikundi vya kwetu vinavyofanya, na mimi mwenyewe natumia njia hiyo kwa kazi yangu. Haya ndiyo ninayoweza kuwaambia.

Kaye ilikuwa banki

Shangazi yangu alikuwa anauza maharagwe na unga pale Sake. Wateja wake wengi walichukua kwa deni na kulipa siku ya soko, kwa hiyo mali yake kubwa haikuwa magunia yaliyokuwa dukani. Mali yake ilikuwa kaye. Vita ilipofika Sake mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, siku chache kabla ya Goma, alitoka na watoto, godoro na sufuria. Aliporudi kutazama, duka lilikuwa tupu na karatasi za kaye zilikuwa zimewashiwa moto wa kupikia. Waliokuwa na moyo mzuri walilipa bila kuulizwa. Wengine walimwambia: "Mama, onyesha mahali uliponiandika." Hakuwa na pa kuonyesha.

Mambo hayo hayakumpata yeye peke yake. Rubaya ilichukuliwa mwisho wa mwezi wa nne 2024, Masisi-centre mwanzo wa mwezi wa kwanza 2025, Goma tarehe 27 ya mwezi huo huo, Walikale-centre katikati ya mwezi wa tatu. Kila mara watu walikimbia, na kila mara kaye zilibaki nyuma. Mwezi wa pili 2025 kambi za kuzunguka Goma zilivunjwa, na watu waliokuwa wameanza biashara ndogo kati ya mahema wakabeba tena mizigo. Tena sisi wa huku hatukusubiri vita kujua kwamba karatasi inaungua. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena. Wafanyabiashara walioponea mlima mara ya kwanza waliona rejista zao zikigeuka kuwa mawe.

Tazameni upande mwingine. Mwezi wa tatu 2025 mgodi mkubwa wa Bisie kule Walikale ulisimamisha kazi na kutoa wafanyakazi wake, na mwezi wa nne ukaanza kurudi kazini. Kampuni yenye mgodi huo imeandikwa kwenye masoko ya hisa ya Kanada na Johannesburg. Hesabu zake inawatolea wawekezaji wa mbali, na mgodi ukisimama wiki nne, hesabu hizo hazipotei. Lakini mama anayeuza mikate na sardini kwa deni pale Njingala, akikimbia usiku mmoja, biashara yake yote imebaki chini ya kitanda. Tofauti ya kwanza kati ya hao wawili ni ukubwa wa mali. Tofauti ya pili ni mahali hesabu inapolala.

Hiyo ndiyo sababu watu wanahama kutoka kaye kwenda simu, na mimi siwalaumu. Banki zilipofunga milango Goma baada ya tarehe 27 Januari 2025, na noti zikaadimika, pesa ya simu ilibaki ndiyo njia ya wengi ya kuishi, ingawa kutoa kwenye kabini kulikuwa ghali. Watu wakaona kwa macho yao kwamba hesabu inayokaa mbali na nyumba haiungui na nyumba.

Wingu liko wapi?

Neno wingu linadanganya. Mtu anasikia wingu anafikiri ni kitu kilicho juu, kisichoshikika. Wingu ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa kwenye nyumba kubwa zenye kurani mchana na usiku, nyingi ziko Ulaya, Marekani au Afrika Kusini. Ukipiga picha ukurasa wa kaye na kuipandisha kwenye Drive, nakala ya ukurasa ule inakwenda kulala kwenye nyumba hizo. Ukipata simu nyingine Goma, Kampala au Kinshasa, unaingia kwenye konti yako na unaukuta.

Nyumba hizo nazo zinaungua. Tarehe 10 Machi 2021, mjini Strasbourg kule Ufaransa, moto ulimaliza jengo moja la kampuni ya OVHcloud, mojawapo ya kampuni kubwa za wingu za Ulaya. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi. Waliodhani kwamba kuweka vitu kwenye wingu kunatosha walipoteza vyote, na wengine waligundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa eneo lile lile. Kwa hiyo mtu akikuambia "ukipandisha kwenye wingu umemaliza", usimwamini. Hesabu ya kikundi ikae mahali pawili: moja kwenye wingu, nyingine kwenye karatasi au kwenye kadi ndogo ya memori iliyo kwa mtu mwingine, kwenye nyumba nyingine, na ikiwezekana kwenye mji mwingine.

Moto tumeuzoea, na dawa yake ni nakala. Kuna hatari ya pili ambayo nakala haiiponyi. Kadiri nakala zinavyokuwa nyingi, ndivyo hatari hiyo inavyokua.

Kaye ina majina ya watu

Chukueni kaye ya mtu wa fromage wa Masisi. Kila asubuhi anaandika: fulani ameleta lita kumi na mbili, fulani lita saba. Kwake yeye ni hesabu ya kulipa mwisho wa wiki. Kwa mtu mwenye bunduki anayetafuta ng'ombe, ni orodha ya nani ana ng'ombe na anao wangapi. Kaye ya AVEC inasema nani ana akiba na siku gani pesa inagawanywa. Ujumbe wa mfanyabiashara wa Walikale kwa mwenzake wa Goma unasema anasafiri siku gani, kwa njia gani, na dola ngapi. Sisi tunaita hesabu. Mwenye nia mbaya anaiona ni ramani.

Kaye ikiwa ya karatasi, ramani hiyo iko nyumba moja. Ukiipiga picha na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu thelathini, sasa iko kwenye simu thelathini. Na ninyi mnajua kinachotokea kwenye bariere. Simu inaombwa, inafunguliwa, picha zinatazamwa, ujumbe unasomwa. Wingu linaweza kuwa na ulinzi mzuri kule Ulaya, lakini simu yako ikiwa wazi na konti yako ikiwa wazi ndani yake, aliyeshika simu ameshika na wingu.

Hata wakubwa wanaojua kazi hiyo wamepata shida. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba watu wasiojulikana wameingia kwenye kompyuta zilizokuwa na habari za watu zaidi ya 515.000, kutoka vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Walikuwa watu waliotengana na familia kwa sababu ya vita, safari au maafa, pamoja na waliopotea na familia zao na watu waliofungwa. Ni kazi ile ile ya kutafuta ndugu ambayo familia nyingi za Kivu zinaijua. Kompyuta zile zilikuwa kwenye kampuni ya nje, huko Uswisi. Sisemi hivyo ili muache kutafuta ndugu zenu kwa njia hiyo; kazi yao ni ya lazima, na wao wenyewe walisema wazi yaliyowapata. Nasema ili tujue kwamba swali la "nani anaweza kufungua?" halina mkubwa wala mdogo.

Somo tulilokuwa nalo tayari: kufuli tatu

Mama zangu wa AVEC, hapa ninyi ndio walimu. Njia hii ya kuweka akiba na kukopeshana ilianzia Niger mwaka 1991, na ilipofika kwetu ilikuja na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Mnajua kanuni yake. Sanduku linakaa kwa mtu mmoja, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wengine. Mwenye sanduku hana ufunguo. Mwenye ufunguo hana sanduku. Mwizi akija usiku kwa mwenye sanduku, hata akimtisha, mama hana cha kufungulia. Na mmoja akiwa na tamaa, peke yake hawezi.

Sasa nimeona vikundi vinavyohama kutoka sanduku kwenda simu, na jambo la kwanza vinaloacha nyuma ni kufuli zile tatu. Hesabu yote inakwenda kwenye simu ya sekretere. Konti imefunguliwa kwa namba yake, namba ya siri anaijua yeye, na mara nyingi ni mwaka wake wa kuzaliwa au 1234. Kikundi kimoja cha wanawake waliohama kutoka Masisi kilikuwa na sekretere mwaminifu sana, ambaye hajawahi kula hata franka ya mtu. Siku alipokimbia tena, simu ilinyang'anywa njiani. Yeye alipona, Mungu asifiwe. Lakini kikundi kilikaa wiki nyingi bila kujua nani amekopa nini, na kikaanza kugombana. Uaminifu wake haukusaidia, kwa sababu sanduku na funguo vilikuwa mfuko mmoja.

Kufuli tatu zinaweza kuhama nasi. Nawaeleza namna, polepole, ili mwenye kusikiliza aandike.

Kufuli ya kwanza ni neno la siri la konti. Lisiwe jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Chukueni maneno manne yasiyohusiana, ya lugha mnayoitaka, Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda, Kiswahili, na kuyaunganisha. Mtu wa mbali hawezi kuyabahatisha, na ninyi hamuwezi kuyasahau. Neno hilo lijulikane na mama mmoja.

Kufuli ya pili ni uhakikisho wa hatua mbili. Kwenye konti ya Google mnaingia kwenye mambo ya usalama, mnawasha hatua ya pili. Kuanzia hapo, mtu akitaka kuingia kwa simu mpya, neno la siri peke yake halitoshi. Ataulizwa kitu cha pili. Wengi wanachagua kutumiwa namba kwa ujumbe wa simu. Kwa watu wa mjini wenye amani hiyo inafaa. Kwa mtu anayekimbia, kadi SIM ndiyo ya kwanza kupotea, na ikipotea umejifungia nje. Google inatoa pia namba za akiba: ni kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandikeni kwenye karatasi, karatasi hiyo ikae kwa mama wa pili, asiyejua neno la siri. Hapo simu mpya inapowekwa, lazima hao wawili wakubaliane. Mmoja ana neno, mwingine ana karatasi. Ni kufuli za sanduku lenu zile zile.

Kufuli ya tatu ni nakala ya nje ya wingu, kwa mama wa tatu. Kila mwisho wa mwezi hesabu inaandikwa upya kwa mkono kwenye karatasi moja: namba ya mwanachama, akiba, deni. Karatasi ya zamani inachomwa. Hiyo itawasaidia rezo ikikatika, na sisi tunajua antene za kwetu: mafuta yanaisha, au vita inapita, na Masisi nzima inanyamaza siku nyingi.

Na simu yenyewe je? Simu ambayo konti imekwisha funguliwa ndani yake haiulizi tena hatua ya pili. Kwa hiyo ifungwe kwa namba ya siri ya skrini, na siku za hatari konti iondolewe kabisa kwenye simu kabla ya safari. Hesabu haipotei, inabaki kwenye wingu ikiwasubiri.

Kadi SIM ni ufunguo wa funguo

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Pesa yako ya simu iko kwenye namba. WhatsApp yako iko kwenye namba. Konti ya Google, ukisahau neno la siri, inakutafuta kwa namba. Kwa hiyo kadi SIM ndogo kama ukucha imebeba biashara nzima.

Ikipotea, unakwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu kuirudisha, na unaulizwa kitambulisho. Kwetu kitambulisho ni kadi ya uchaguzi, na ile nayo iliungua na nyumba. Kwa hiyo kabla ya shida haijaja, hakikisheni namba ya kikundi imeandikishwa kwa jina la mwanachama, jina lililo sawa na lile la kadi yake, si kwa jina la kijana wa kabini aliyewasaidia siku ile. Nimekutana na watu ambao namba yao ya miaka mingi iko kwa jina la mtu wasiyemkumbuka hata sura. Na namba isiyotumika muda mrefu kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Aliye porini Walikale miezi mingi bila rezo, namba yake ya biashara itunzwe na ndugu aliye mahali penye rezo, aitumie mara moja moja.

Konti nazo zinakufa. Tangu mwisho wa 2023 Google inaweza kufuta konti ambayo haikufunguliwa kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Kwa mtu wa mjini miaka miwili ni mingi. Kwa familia iliyohama mara tatu, miaka miwili inapita kama siku. Mtu mmoja wa kikundi apewe kazi ya kufungua konti kila baada ya miezi mitatu, kama vile mnavyompa mtu zamu ya kufagia mahali pa kikao.

Kwa WhatsApp, mambo mawili. La kwanza, ujumbe unaokwenda kati ya simu na simu umefungwa tangu 2016, kampuni yenyewe haiusomi. Lakini nakala ya akiba inayokwenda kwenye Drive haifungwi namna hiyo mpaka wewe mwenyewe uwashe. Uwezo huo ulikuja mwaka 2021, uko kwenye mpangilio wa nakala za akiba. La pili, washeni namba sita za hatua mbili. Bila hizo, aliyepata kadi SIM yako anaweza kuingia kwa jina lako na kuomba pesa kwa wateja wako wote, nao watatuma wakijua ni wewe.

Msisahau pia nyumba ya kuchaji. Tunaacha simu kwa kijana mwenye jenereta au panu ya jua tangu asubuhi mpaka jioni, katikati ya simu arobaini. Kijana anaweza kuwa mwema, lakini wanaopita hapo hatuwajui wote. Simu ya kikundi ichajiwe ikiwa imezimwa, na kadi SIM iwe mfukoni mwenu. Na kule Walikale ambako intaneti inapatikana kwa antene ya satelaiti ya mtu, mkiingia kwenye konti kwa simu au kompyuta ya mwenye antene, msitoke mlangoni kabla hamjafunga konti.

Kisichopaswa kupanda

Mimi kazi yangu ni kurekodi sauti za watu. Mama ananieleza yaliyompata shambani, mchimba madini ananieleza nani anatoza kodi kwenye njia. Sauti hizo nazipandisha kwenye wingu, halafu nazifuta kwenye simu kabla ya kuanza safari. Lakini jina la mtu haliko kwenye sauti wala kwenye faili. Kuna alama tu. Orodha inayosema alama hii ni nani iko mahali pengine, mbali na wingu, na sijamwambia hata mwenzangu wa kazi. Mtu akifungua konti yangu atasikia sauti, hatapata mlango wa nyumba.

Biashara inaweza kufanya vile vile. Mtu wa fromage aandike "namba 14, lita 12". Kikundi kiandike "mwanachama 7, deni dola 20". Orodha ya namba na majina iwe ya karatasi, fupi, rahisi kufichwa kwenye pindo la kitenge, rahisi kuchomwa. Ikichomwa, si msiba: wanachama wenyewe wanajua namba zao, na mkikutana tena inaandikwa kwa dakika kumi.

Vitu vingine visipande kabisa. Picha za kadi za uchaguzi za wanachama. Siku na njia ya kusafirisha pesa. Mahali sanduku linapolala. Ukabila wa mtu, na kijiji alichotoka kama hakihitajiki kwa hesabu. Kwetu jina la kijiji linaweza kumtia mtu hatarini kuliko deni lake.

Na mtu akija na programu yake, awe wa shirika au wa kampuni, akitaka kuandika kikundi chenu, kupiga picha sura zenu na kuchukua alama za vidole, mna haki ya kuuliza kabla ya kutoa kidole. Sheria ya kidijitali ya nchi yetu, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi, na inataka mtu aelezwe na akubali. Najua ofisi ya kupeleka mashtaka iko mbali, na huku kwetu leo hata swali la ofisi ya nani ni zito. Lakini kuuliza hakuhitaji ofisi. Muulizeni: habari hizi zinalala wapi? Nani mwingine anaziona? Mradi ukiisha zinafutwa au zinabaki? Tukitaka kutoka, mnatupa nakala yetu? Mwenye kazi safi atajibu bila kukasirika. Anayekasirika amekwisha jibu.

Mzee mmoja wa Kitshanga aliniambia: "Mwanangu, mimi nitabaki na kaye, mambo ya wingu ni ya vijana." Namheshimu. Kama kaye yake ina nakala kwa mtu wa pili na majina yamefichwa, yuko salama kuliko kijana mwenye programu tano na namba ya siri 1234. Wingu ni chombo tu, kama vile chukudu: inabeba mzigo mkubwa, lakini kama huna breki, mteremko wa Mushaki utakufundisha.

Kwa hiyo kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya kuhesabu pesa, wekeni maswali mawili katikati. Mwenye simu akipotea leo usiku, nani mwingine anaweza kufungua hesabu zetu? Na simu hiyo ikiwa mkononi mwa mtu mbaya leo usiku, nani kati yetu ataumia kwa sababu jina lake limo? Kama swali la kwanza halina jibu, ongezeni ufunguo. Kama la pili lina jibu, ondoeni jina. Kazi hiyo ni ya jioni moja na haihitaji mega nyingi.

Walio na swali, au walio na njia yao waliyoijaribu ikawasaidia, waipeleke kwenye klabu ya wasikilizaji iliyo karibu nao. Nitapita kuzichukua, na nitaziandika bila majina.